Namna ya Kukaza Uso Mtoto Anapofanya Kituko

Ilikuwa Julai, asubuhi ya ukungu ule wa Uyole, huku Mbeya, ambao jirani anakusalimia na wewe unaitikia sauti tu, mtu humwoni. Nilikuwa natafuta futikamba yangu. Nimepekua droo ya cherehani, nimekung'uta vitambaa vyote, nimemlaumu mke wangu kimoyomoyo. Nikasikia kuku analalamika nyuma ya nyumba.

Nilimkuta binti yangu amepiga magoti kwenye majivu. Kuku wa mama yake, yule tetea mwekundu, kabanwa kwapani. Futikamba imezunguka kifua cha kuku, na chaki iko sikioni kwa mtoto, palepale ninapoiweka mimi. Ana miaka minne na miezi kidogo. Hakugeuka hata kunitazama. Alisema, "Huyu anataka gauni la mikono mirefu. Anasikia baridi."

Nikacheka mpaka nikakaa chini.

Yaliyofuata ndiyo yamenifanya niandike maelekezo haya. Kuku alipimwa tena saa nne. Akapimwa saa nane. Kesho yake akapimwa mbele ya watoto wawili wa jirani, walioalikwa waje kuona baba anavyocheka. Siku ya tatu akavalishwa kipande cha kitenge kwa pini. Siku ya nne tetea akahama, akaenda kutaga kwenye kuni za jirani, na mayai yakawa ya jirani. Mke wangu aliporudi kutoka sokoni aliuliza swali moja tu: "Nani alicheka?"

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea barazani nyumbani kwangu, si mbali na kona ya kwenda Tukuyu. Mke wangu anauza mitumba sokoni Mwanjelwa; anapanda daladala asubuhi kukiwa bado giza na kurudi jioni, kwa hiyo mchana mtoto ni wangu mpaka afikishe miaka ya kuanza darasa la awali. Mtaani wanamwita Mwenyekiti, kwa sababu hakuna ugomvi wa watoto, wa mbwa wala wa watu wazima unaopita bila yeye kuusikiliza pande zote mbili na kutoa uamuzi. Sijasomea malezi. Ninachojua nimekipata kwa kukosea, na kosa la kuku ndilo lililonifungua macho.

Mtoto wa umri huu anasoma uso kabla hajasikia neno. Ukimwambia "acha" huku mashavu yamekuvimba kwa kicheko kilichobanwa, yeye kasikia "endelea". Kicheko cha mzazi kwake ni malipo taslimu, na mtu akilipwa taslimu kwa kazi, kesho anarudi kazini mapema zaidi. Sisemi usicheke. Nyumba yangu ina vicheko vingi kuliko samani. Nasema jifunze kukichelewesha kicheko, ukipeleke mahali pake.

Kabla ya chochote, tazama mikono na mdomo

Kabla hujaamua kama ni la kuchekwa au la kukemewa, tazama ameshika nini na anatafuna nini. Hii huchukua nukta moja. Mikono ikiwa na unga, tope, chaki au mafuta ya kujipaka, huo ni utundu, una muda. Ikiwa na kitu kingine, hakuna cha kukaza uso wala kulegeza. Unanyang'anya kwanza, mengine baadaye.

Kwa fundi kama mimi, hatari ziko kila mahali: sindano, pini, mkasi mkubwa, pasi ya mkaa, vifungo. Vifungo ndivyo vinavyonitisha kuliko mkasi, maana mkasi mtoto anauogopa kidogo, kifungo anakiona pipi. Chochote kidogo kinachoweza kupita kooni ninakiweka kwenye kopo lenye mfuniko wa kuzungusha, na kopo juu ya rafu, na kigoda mbali na rafu. Hicho cha mwisho nilikiongeza baada ya kumkuta amesimama juu ya kigoda, juu ya kigoda ameweka ndoo, juu ya ndoo yuko yeye. Nilisimama mlangoni nikipambana na mambo mawili kwa pamoja, hofu na kustaajabia ufundi wa ule mnara. Hofu ilishinda, nikamshusha.

Kuhusu ndoo: ndoo yenye maji, hata kidogo, si ya kuachwa chini kwa mtoto anayeanza kutembea. Kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili wake. Akiinama kujitazama usoni anaweza kutumbukia na asiweze kujinyanyua. Mafuta ya taa yasikae kwenye chupa ya soda au ya maji, kwa sababu mtoto hawezi kujua kuwa chupa ile imebadilishiwa kazi. Na akiyanywa, usimtapishe, hata jirani akikushauri vipi. Yakipanda juu yanaweza kuingia kwenye mapafu, na huko ndiko yanakoua. Mbebe, kimbia hospitali, na chupa yenyewe ibebe.

Sisi wa huku juu tuna jambo letu jingine. Juni na Julai baridi inatuma watu kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. Nimeona mtoto amewekewa jiko karibu na kitanda "apate joto". Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa yenye sumu isiyo na harufu ya kukuamsha. Vaa sweta mbili, mvike mtoto soksi na kofia, lala naye. Jiko libaki nje.

Halafu kuna pua. Mwaka jana, msimu wa kuchambua maharage, Mwenyekiti alipenyeza punje moja puani ili, kwa maelezo yake, "iote". Mimi nikachukua kibanio nikajaribu kuitoa, na kila nilipojaribu ikaingia ndani zaidi. Usifanye hivyo. Harage likipata unyevu linavimba, na kila dakika unayochezea kibanio linakaza. Tulikwenda zahanati, muuguzi akalitoa mara moja, akampa mwenyewe mkononi. Siku hiyo sikucheka. Nilicheka miezi mitatu baadaye, mvua za Novemba zilipoanza, alipoliuliza shimo la mahindi kwa nini pua yake haikuota na lenyewe linaota.

Kukaza uso kwenyewe

Sasa tumeshahakikisha hakuna anayeumia. Mtoto amejipaka poda ya mama yake mpaka nyusi zimepotea, amevaa kiatu chako kimoja na kimoja cha mama, anakuja barazani kwa mwendo wa mheshimiwa. Kicheko kinapanda. Unafanyaje?

Mafundi tuna bahati: pini. Nikiwa kazini huwa nabana pini mbili tatu kwenye midomo, na mtu mwenye pini mdomoni hacheki hata ukimlipa. Wewe usiye fundi usijaribu hili, tafuta lako. Mke wangu anauma ncha ya ulimi. Shemeji yangu, dereva wa bajaji, anajifanya simu inaita, anaweka sikioni na kusema "Haloo, haloo, mtandao," huku akitembea kwenda nje. Mbinu hii inafaa kwa muda, ila mtoto wake sasa anamuuliza, "Baba, leo mtandao unakuchekesha nini?"

Mbinu ninayoiamini mimi ni kuinama. Inama kama umedondosha kitu. Mimi huinama chini ya cherehani kutafuta bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini. Ukiwa huko chini uso hauonekani, mabega yakitikisika mtoto anadhani unavuta kitu, na ukiinuka uso ukiwa mwekundu unasingizia kuinama. Mkulima ainame kufunga kamba ya kiatu, mpishi ainame kupuliza jiko. Muhimu ni uwe na kitu cha kutafuta ambacho mtoto amezoea kukuona ukikitafuta.

Jambo moja tu usilifanye: usimtazame mwenzako. Baba na mama wakigonganisha macho wakati mtoto anajieleza, mchezo umekwisha. Sisi tulikubaliana kwamba mmoja akiwa anakemea, mwingine anatazama mlima. Kwetu ni rahisi, milima haikosekani. Ukungu ukiwa umefunika kila kitu tunatazama mahali ambapo mlima ungekuwa.

Ukishauweka uso sawa, sema machache. Mtoto wa miaka minne hotuba haimwingii. Siku ya poda nilisema, "Poda ya mama hurudishwa kabatini. Kalete kitambaa." Basi. Alileta kitambaa, tukapangusa sakafu pamoja, mimi upande wangu na yeye upande wake, na kwa kweli upande wake ulizidi kuwa mweupe. Lakini aliona kwamba baada ya poda kunafuata kufuta, wala si kicheko wala si fimbo. Kuhusu fimbo sitasema mengi. Nililelewa nayo, na ilichonifundisha ni kufanya utundu mbali na nyumbani. Huyu wangu napenda aufanyie karibu, ninapomwona.

Usiulize unachokijua

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi, tena kwa aibu.

Tulikuwa na kopo la sukari kwenye kabati la chini. Siku moja nikakuta mfuniko uko sakafuni, mstari wa sukari umetoka kabatini mpaka chumbani kama njia ya siafu, na mwisho wa mstari yuko Mwenyekiti, mdomo unameta. Nikauliza, kama wanavyouliza wazazi wote, "Nani kala sukari?"

Akafikiri. Nilimwona akifikiri. Akasema, "Paka."

"Paka anakula sukari?"

"Wa hapa anakula."

"Na huo mdomo wako?"

Akajipangusa polepole, akatazama kiganja. "Kanibusu."

Niliinama kutafuta bobini, na wala sikuwa karibu na cherehani.

Baadaye nikalitafakari. Nilimuuliza swali ambalo jibu lake nilikuwa nalo mkononi. Swali la namna hiyo kwa mtoto ni mtego, na mtoto akiona mtego anatafuta pa kutokea. Wanaochunguza akili za watoto wanasema uongo wa kwanza wa namna hii, unaoonekana mtoto akiwa na miaka mitatu au minne, ni dalili ya akili kukua. Anakuwa ameanza kugundua kwamba yaliyo kichwani mwake si lazima yawe kichwani mwako. Kwamba unaweza kuamini kitu kisicho kweli, na yeye ndiye anaweza kukuwekea. Ugunduzi mkubwa huo. Tatizo ni kwamba bado hajui kuufunika, ndiyo maana mdomo unameta.

Kwa hiyo sasa siulizi. Nasema ninachokiona: "Sukari imemwagika, na wewe umeila. Kalete ufagio." Hakuna kesi, hakuna shahidi, paka hahusiki. Na cha ajabu, asipowekewa mtego mara nyingi anasema mwenyewe. Juzi alikuja barazani mikono nyuma, akasema, "Baba, kuna kitu kimefanyika jikoni na mimi nilikuwepo." Ukipata kauli kama hiyo usiiharibu kwa kucheka. Mshukuru, kisha mwende wote jikoni. Kilichofanyika kilikuwa mayai mawili, na sitaeleza zaidi kwa sababu mke wangu naye anasoma.

Kama utundu unafanana na kazi, upe kazi

Ukimtazama vizuri mtoto anayeharibu vitu, mara nyingi anakuiga. Mwenyekiti hakuwa anamtesa kuku; alikuwa amefungua ofisi. Mtoto wa mkulima atang'oa miche ya viazi akidhani anapalilia, wa dereva atakaa kwenye kiti cha gari na kuipeleka Kyela bila kuwasha.

Kwa hiyo baada ya kisa cha kuku nilikata futikamba ya zamani iliyochakaa, nikampa urefu mfupi ambao hauwezi kuzunguka shingo ya mtu wala ya kuku. Nikampa mfuko wa vipande vya vitenge vilivyobaki, na chaki iliyovunjika. Nikamwonyesha mpaka: barazani, upande wa kushoto wa nguzo, ndiyo duka lake. Wateja wake ni mto, kiti, na mdoli wa maguo. Kuku na mbwa hawapimwi. Alikubali, ila akauliza kama bata anahesabika kuwa kuku. Ujibu maswali ya namna hiyo kabla hajayajibu mwenyewe.

Mbinu hii haimalizi utundu, usidanganyike. Inaupunguza na kuuleta machoni. Bado mara moja alikata kipande cha sketi ya sare ya mwanafunzi niliyokuwa nimeiacha mezani Januari, msimu ambao fundi halali, kila mzazi anataka sare kabla shule hazijafunguliwa. Nikaweka kiraka kwa ndani, nikapunguza bei, na mwenye nguo nikamweleza ukweli. Mtoto nilimkemea kwa hasira, na sikuwa na haja ya pini mdomoni. Lakini kosa lilikuwa langu: mkasi ulikuwa mezani, sketi mezani, na mimi nilikuwa nimekwenda kununua vitumbua.

Bibi

Maelekezo yote haya hayafanyi kazi mama yangu akija kutoka Tukuyu.

Anashuka na ndizi mbichi, maparachichi na maziwa ya mgando kwenye kidumu, na hata kabla sijamalizia kumwamkia, mjukuu keshapanda mgongoni. Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Anamwita "mke mwenza wangu", wanagombania babu ambaye yuko Tukuyu na hana habari. Mtoto akimwaga chai, bibi anapiga makofi: "Mke mwenza kanifulia kanga!" Mtoto akijificha na miwani yake, bibi anacheka mpaka kikohozi kinamshika. Na mimi nimesimama hapo na uso wangu uliokazwa, natazamwa kama afisa wa kodi.

Nilijaribu kumweleza habari ya malipo taslimu. Akanisikiliza vizuri, akanijibu, "Wewe ulimnyoa mbuzi wa baba yako." Ikaishia hapo. Kumbe mimi nami nilikuwa fundi tangu zamani, na kuna watu walioinama kwa ajili yangu.

Ushauri wangu: bibi muache. Mtoto ana akili ya kutosha kujua kwamba sheria za bibi zinakuja na basi na kuondoka na basi. Unachoweza kuomba ni kitu kimoja, kwamba bibi asicheke kwenye mambo ya moto, maji na dawa. Hilo mama yangu alilikubali bila ubishi. Mabibi wengi wameona mengi, hawahitaji kuhubiriwa. Siku hizi Mwenyekiti akikaribia jiko, anayefoka wa kwanza ni bibi, tena kwa Kinyakyusa, na mtoto anarudi nyuma hatua tatu.

Mbele ya wageni na wateja

Mtoto akikuumbua mbele ya watu, uso unakazwa kwa shida maradufu, kwa sababu mara nyingi kasema kweli.

Mafundi wenzangu wananielewa. Mteja akija na nguo haijaisha, kuna maneno yetu. "Njoo kesho." "Imebaki vifungo tu." "Umeme ulikatika." Cherehani yangu ni ya kukanyaga, umeme hauihusu, lakini nimewahi kusema hivyo. Siku moja akaja mama mmoja wa kwaya kuchukua sare yake ya Jumapili. Nikamwambia kwa sauti ya upole kabisa, "Mama, imebaki vifungo tu. Njoo kesho saa nne."

Mwenyekiti alikuwa kwenye duka lake, kushoto kwa nguzo. Akasema, "Baba, ya mama huyu ni ile ya bluu ambayo bado hujaikata?"

Kimya. Mama wa kwaya akanitazama. Mimi nikamtazama mtoto. Mtoto, kwa moyo mweupe kabisa, akaenda kwenye rundo, akavuta kitambaa kikiwa bado kimekunjwa kilivyotoka dukani, akakileta kwa mikono miwili kama anavyofundishwa kumpa mtu mzima kitu. "Hii hapa. Shikamoo."

Sikuwa na pini mdomoni siku hiyo, na sikuwa na haja. Aliyeinama ni mama wa kwaya. Aliinama akajifanya anarekebisha kiatu, nikaona mabega yake. Mbinu yangu mwenyewe!

Katika hali kama hiyo usimkemee mtoto. Ukimkemea, umemwambia kwamba kusema ukweli mbele ya watu ni utundu, na wiki hiyohiyo ulikuwa unamlaumu kwa paka na sukari. Nilimwambia mteja, "Mama, mtoto amesema kweli. Sijaikata. Nipe mpaka Ijumaa." Akanipa mpaka Ijumaa. Nguo ilikwisha Alhamisi usiku, na alipokuja kuichukua hakunisalimia mimi kwanza. Alimsalimia Mwenyekiti, akamuuliza kama vifungo vyote vipo. Wakavihesabu pamoja. Vilikuwa sita.

Mahali pa kucheka

Kicheko ulichokichelewesha kina haki ya kutoka. Cha kwetu kinatoka saa tatu usiku, mtoto akiwa amelala, jikoni, mlango umerudishwa. Mke wangu anakunja mitumba ya kesho, mimi nasimulia ya mchana kwa sauti zote mbili, yangu na ya mtoto. Anacheka akifunika mdomo na blauzi za watu.

Ila mdomo husahau, kwa hiyo ninaandika. Daftari langu la vipimo vya wateja nimeligeuza. Mbele kuna mabega na viuno, nyuma kuna Mwenyekiti. Ukitaka kuanza daftari kama hili, nina mambo machache ya kukwambia. Andika siku hiyohiyo, kabla hujalala. Ukingoja Jumapili utakumbuka kwamba alichekesha, lakini maneno yenyewe yameondoka. Andika alivyotamka, usimsahihishe. Aliposema "gauni langu limenikua" wakati gauni limembana, ungemsahihisha ungekuwa na sentensi isiyo na maana. Weka tarehe na umri. Weka na mahali alipokuwa amesimama, na alichokuwa ameshika, maana mara nyingi nusu ya kituko iko mikononi. Usieleze kwa nini inachekesha.

Hizi ni baadhi za kwangu:

Miaka mitatu na miezi mitano. Kamwaga uji kwenye kiatu changu. "Kilikuwa na njaa."

Miaka mitatu na miezi tisa, tumetoka kupewa dawa ya minyoo na matone ya vitamini Desemba. Kasimama getini, anawatangazia wapita njia, "Minyoo yangu wamehamishwa."

Miaka minne kamili. Nimemwambia aombe msamaha kwa mtoto wa jirani. Akamwambia, "Nisamehe, halafu na wewe uniombe mimi, tuwe sawa."

Usisome haya mbele yake, wala usimsimulie mgeni yeye akiwa amekaa hapo anasikia. Akisikia kituko chake kinasimuliwa, atakirudia mbele ya mgeni, na safari hii kitakuwa maonyesho. Na usiyarushe kwenye makundi ya simu na picha yake ana uji usoni. Siku moja atakuwa na miaka kumi na tano, na picha ile itakuwa bado inazunguka kwa watu asiowajua. Daftari nitampa mwenyewe. Akitaka atalichoma kwenye jiko, nje.

Jana jioni nilimwambia aokote vipande vya nguo alivyotapanya barazani, mama yake yuko njiani. Alikuwa ameketi kwenye duka lake, anampima mto kiuno. Hakuinuka. Alichomeka chaki sikioni, akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyezoea kusumbuliwa na wateja, akasema kwa sauti ya upole kabisa:

"Imebaki vifungo tu. Njoo kesho."

Bobini ilikuwa mahali pake, kwenye cherehani. Niliinama kuitafuta hivyohivyo, na nikakaa huko chini muda mrefu kidogo.